Sindano ya Kilo Tisa na Moyo wa Binti Yangu

Televisheni ya ukumbi wa bafu letu la joto la mtaani, wanapopumzika wake kwa waume, haizimwi na wala haisikilizwi. Jumanne ile ilisikilizwa. Mtangazaji alisema mwanamke wa miaka thelathini na moja ameanguka dukani akiwa anajaribu suruali, na kwenye mkoba wake wamekuta dawa za kupunguza mwili za aina tatu, hakuna hata moja aliyoandikiwa yeye.

"Suruali iliingia?" akauliza Kilo Tisa.

"We mwanamke!" Redio akageuka. "Mtu kazimia, wewe unauliza suruali!"

"Nauliza nijue alikuwa amefikia wapi."

Kilo Tisa ana saluni nyuma ya soko. Jina hilo kajipa mwenyewe tangu apungue kilo tisa kwa sindano ya kila wiki, na ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake haitiki. Redio ndiye msuguaji wa upande wa wanawake. Miaka ishirini anasugua migongo ya mtaa huu wa jiji la Daegu, kwa hiyo habari zote anazo, na hazikai naye. Wa tatu ni Breki, dereva wa basi mstaafu, mwanamume pekee tunayemvumilia kwenye kona yetu ya sakafu ya moto. Moyo wake ni mgonjwa wa mapigo. Unakwenda vizuri, ghafla unakimbia, unaruka, halafu unatulia kama haujafanya kitu.

Wa nne ni mimi, Mama Garam, na siku ile sikucheka. Naandika haya kwa akina mama wenzangu, mjue kwa nini.

Binti yangu Garam ana miaka ishirini na tisa na moyo wake una ugonjwa kama wa Breki. Anakunywa kidonge asubuhi na jioni ili usikimbie. Ameposwa, harusi ni baada ya wiki sita. Siku familia mbili zilipokutana kula, mama wa bwana harusi alimtazama mwanangu akasema, "Ana uso wa neema." Mwanamke akisema hivyo huku anakusogezea sahani ya mboga tu, hasifii uso.

Sikulala. Asubuhi nikaagiza kwa simu dawa ya mitishamba ya kupunguza mwili, pakiti thelathini. Garam nikamwambia ni dawa ya nguvu, ya mabibi harusi. Siku nne mfululizo nimeamka nimekuta pakiti tupu kwenye sinki, nikafurahi. Na Jumanne ile nilikuwa nimekuja kuchukua kalamu ya sindano ya Kilo Tisa iliyobaki dozi mbili, tuongeze kasi.

"Hii hapa," Kilo Tisa akanisukumia kalamu aliyoizungushia taulo lenye barafu. "Unambonyezea tumboni, unahesabu mpaka kumi, kwisha. Wiki ya pili atakuwa anaona wali kama mchanga."

Breki alikuwa anamenya yai. Akasita katikati ya kumenya.

"Nani huyo ataona wali kama mchanga?"

"Haikuhusu, kaka. Mambo ya wanawake."

"Mama Garam, nani?"

"Garam," nikasema. "Kidogo tu. Kwa ajili ya gauni."

"Garam yule wa moyo?"

"Moyo na tumbo ni vitu viwili!" Kilo Tisa akadakia. "Mimi nachomwa tumboni. Kwani moyo uko tumboni?"

"Basi likiwekewa mafuta nyuma, injini iko nyuma?" Breki akasema. "Yangu ilikuwa mbele. Na ilikwenda."

Redio akapiga kofi sakafuni kwa kicheko. Kilo Tisa hakupenda.

"Acha mbwembwe zako za basi. Sindano yangu kaniandikia daktari."

"Kakuandikia wewe. Je, kamwandikia Garam?"

"Nimebadilisha ncha! Ncha mpya kabisa, iko kwenye karatasi yake!"

"Ncha mpya, kalamu ya zamani," Redio akasema. "Hata mimi nikisugua watu siwapi kitambaa cha mtu mwingine, na hicho kinagusa mgongo tu. Hiyo inaingia ndani ya nyama. Damu yako ikirudi nyuma kidogo mle, mtoto anaolewa na magonjwa yako."

"Magonjwa gani? Mimi nina magonjwa gani?"

"Nimekusugua, shoga. Nisiseme mbele ya mwanamume."

Breki akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaisogeza mbali kusoma, akaisogeza karibu. Miwani yake iko kabatini, lakini namba za dozi zilikuwa kubwa.

"Wewe ulianza na hii?"

"Hapana. Nilianza na ile ndogo. Kila mwezi daktari ananipandisha."

"Miezi mingapi?"

"Sita."

"Wewe umepanda ngazi miezi sita, mtoto wa watu unataka kumrusha ghorofa ya juu siku ya kwanza! Atatapika mpaka maziwa aliyonyonya."

"Akitapika si ndiyo anapungua?" nikauliza. Nilikuwa nauliza kweli. Shule niliishia darasa la sita, nyumbani tulikuwa saba.

Breki akaweka yai chini. Nilijua mambo yamekuwa makubwa, maana Breki hajawahi kuliacha yai.

"Nisikilize, Mama Garam. Mtu wa moyo kama wetu akitapika na kuharisha siku mbili, maji yanatoka, na madini ya damu yanatoka nayo. Potasiamu, sijui nini, daktari wangu ana orodha. Yakipungua hayo, moyo unakosa mpangilio kabisa. Na kile kidonge cha asubuhi kinachomsaidia, akikitapika je? Tena hizo sindano zenyewe kwa wengine zinapandisha mapigo kidogo. Mwenye moyo mzima hasikii. Sisi tunasikia."

"Kwa hiyo watu wa moyo wafe wanene?" Kilo Tisa akasema. "Unene nao si unauchosha moyo? Daktari wangu kasema hivyo!"

"Kasema kweli. Nani kasema wasipungue? Mimi hapa nimepungua kilo sita."

Tukamtazama wote. Redio akamtazama zaidi, kwa jicho la kazi.

"Zimetoka wapi?" akasema.

"Mgongoni."

"Wanaume siwasugui, siwezi kuthibitisha."

"Sindano hiyo hiyo!" Breki akajipiga kifua. "Lakini nilikwenda kwa daktari wa moyo. Akanibandika nyaya hapa, hapa na hapa, mashine ikachora milima. Akapima damu. Akaniambia nimwagie mezani kila ninachokunywa. Nikamwaga vidonge. Akasema, kingine? Nikasema hakuna. Akasema, kahawa? Nikasema vikombe sita. Akasema, kingine? Nikasema ile chupa ya mke wangu ya mizizi. Akasema, hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Akaikataza. Ndipo akanianzishia dozi ya mtoto, na kila mwezi ananipima. Na akaniambia, Breki, ukitapika kutwa nzima usikae kimya. Moyo ukikimbia ukiwa umekaa, ukipata kizunguzungu, kifua kikibana, usiwapigie marafiki zako wa bafuni, piga simu ya dharura."

"Alikuita Breki?" Redio akauliza.

"Huo ndio ujumbe ulioupata?"

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye ile chupa ya mizizi. Sakafu ilikuwa ya moto lakini miguu yangu ilipoa.

"Kaka Breki," nikasema. "Mitishamba nayo ni dawa?"

"Unadhani ni nini, supu?"

"Nilijua ni... ni ya nguvu. Inaletwa kwenye pakiti za kahawia. Hata mkwe unaweza kumpa."

Redio akanisogelea. Akinusa habari, masikio yake yanasimama kama yale masikio ya kondoo ya taulo alilolikunja kichwani. "Umempa?"

"Siku nne."

"Ya kupunguza mwili?"

Nikainama.

"Ina jani la mahwang ndani?" Breki akauliza.

"Sijui majani. Walisema inakata njaa na mtu anakuwa mchangamfu."

"Mchangamfu!" Breki akashika kichwa. "Mke wangu alikunywa hiyo, akafua mapazia saa kumi alfajiri. Jani lile linauchapa moyo viboko! Mwenye moyo mzima anafua mapazia. Mtu kama sisi linamwangusha! Hawakukuuliza habari za moyo?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Yule dada wa kwenye simu aliuliza, moyo wako una tatizo lolote? Nikasema hauna. Na ni kweli. Wangu hauna."

Hakuna aliyecheka. Hata Kilo Tisa aliziba mdomo kwa kiganja.

"Uliagiza kwa jina lako," Redio akasema polepole.

"Kama ningesema ni za Garam, wangetaka kuongea na Garam. Na yeye angekataa."

"Piga simu," Breki akasema.

"Yuko kazini. Hapendi nimpigie kazini."

"Piga simu!"

Nikapiga. Ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Jasho lilinitoka na sikuwa nimeingia kwenye chumba cha moto hata dakika moja. Redio akaanza kusema kuna mwanamke wa mtaa wa pili aliyewahi kulala siku tatu hospitali kwa sababu ya pakiti kama hizo, Breki akamwambia afunge kituo. Kilo Tisa akawa ananipepea kwa kifuniko cha ndoo ya mayai. Nilimwona mwanangu chini, kwenye zulia la ofisi, viatu vimetoka. Nilimwona kwenye gauni. Nilimwona yule mama akisema uso wa neema, na mimi nikimjibu kwamba nimeuua huo uso.

Mara ya nne akapokea.

"Mama, niko kwenye kikao."

"Usinywe! Pakiti nyingine usinywe! Umekaa au umesimama? Kaa chini! Moyo unaendaje?"

"Mama, taratibu."

"Ile si dawa ya nguvu, nilikudanganya, ni ya kupunguza mwili, ina jani linalochapa moyo, Breki kasema, nenda hospitali sasa hivi, nakuja na teksi!"

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua ni ya kupunguza mwili. Siku uliyoileta nilimpelekea mfamasia wa hospitali. Kila kinachoingia mdomoni mwangu namwonyesha yeye kwanza, Mama, hata vitamini. Alisoma karatasi ya ndani akaniambia nisiguse hata tone."

"Lakini pakiti tupu! Naziona kwenye sinki!"

"Naimwaga kila asubuhi kabla hujaamka."

Nikakaa chini. Yaani nilikuwa nimekaa, lakini nikakaa zaidi. Machozi yakanitoka mbele ya watu na televisheni. Redio akanifuta kwa taulo lake, kwa nguvu za kazini, nusura anichune uso.

"Kwa nini hukuniambia?" nikalia. "Siku nne unamfanya mama yako mjinga!"

"Ningekuambia sinywi, ungeniletea kitu kingine."

Kalamu ya Kilo Tisa ilikuwa imerudi mapajani mwangu, barafu inayeyuka. Nikaifunika kwa kiganja, kana kwamba simu ina macho.

"Mama," Garam akasema. "Mbona umenyamaza? Umeshika nini?"

"Yai."

"Mama."

"Yai la kuoka."

Breki akainama mpaka kwenye simu. "Sindano, binti! Sindano ya Kilo Tisa, mwenyewe keshaitumia nusu!"

"Msaliti!" Kilo Tisa akapiga kelele. "Nusu nzima imebaki! Usinichafulie jina!"

"Mpe Mzee Breki simu," Garam akasema.

Nikampa. Yeye akageukia ukutani kama anaongea na wizara. Sisi watatu tukabaki kusikiliza nusu ya maneno.

"Ndiyo, binti... Hapana, mama yako hajaitumia... Ah, kwa hiyo unataka kupungua mwenyewe? Si kwa ajili ya yule mama... Vizuri... Daktari kasema mtaanza na vipimo kwanza, ndiyo, kama mimi... Ile inayochangamsha kakataa kabisa, safi, hata mimi wangu alinikatalia... Na kidonge cha moyo huachi, hata ukipungua, eh, hata ukijisikia mzima, hicho anakiondoa yeye tu... Alhamisi saa nne. Nitamwambia... Hilo nalo nitamwambia. Haya, binti."

Akakata. Kilo Tisa akainyakua kalamu yake na kuirudisha kwenye taulo, uso umemshuka. Kisha, akidhani hatumwoni, akaweka vidole viwili kwenye mkono wake wa kushoto akawa anatafuta mapigo.

"Sio hapo," Redio akamwambia. "Hapo ni bangili."

"Kasemaje?" nikamuuliza Breki.

"Alhamisi anaonana na daktari wa moyo. Anataka kujua kama kuna dawa inayomfaa, na kama haipo, atavaa gauni lingine. Na wewe unakwenda naye, usikie kwa masikio yako, usije ukamsikia Kilo Tisa."

"Nipo hapa, jamani!" Kilo Tisa akasema.

"Nitakwenda," nikasema. "Hata sasa hivi nakwenda. Nitamwambia yule daktari kila kitu, nimwambie na yule mama alivyosogeza mboga, nimuulize na ile..."

"Subiri," Breki akainua mkono. "Kuna sharti. Amesema unaweza kuingia chumbani kwa daktari ukiahidi kutofungua mdomo. Swali, ushauri, kuguna, hakuna. Kama huwezi, unakaa kwenye viti vya nje."

"Nje? Mimi? Mama yake mzazi?"

"Ndivyo alivyosema."

Wote watatu wakanitazama. Nikafikiri. Nikamfikiria daktari akisema neno nisilolielewa. Nikamfikiria Garam akijibu kwa kifupi, kama kawaida yake. Nikafikiri mpaka taarifa ya habari ikaisha na hali ya hewa ikaanza.

"Nitakaa nje," nikasema.