Mbuzi wa Mkurugenzi Méthode

Mwaka ule wa vikwazo, petroli ilipouzwa kwa chupa kama dawa ya kikohozi, Méthode wa Musaga aligundua kwamba magari yanayotembea bila shida Bujumbura ni yale meupe ya mashirika ya misaada. Akaitazama pikipiki yake, kavu, imeegemea ukuta. Siku hiyo hiyo akawa Mkurugenzi.

Shirika lilizaliwa na kibao: AMANI NA MBUZI. Mbuzi hawakuwepo, na amani mnaijua. Lakini mdomo ulikuwepo, nao ukamleta Madamu mfadhili mpaka kwetu Kanyosha, aje kuona kazi.

Méthode akaazima mbuzi kwa Yahaya, mchinjaji wa Buyenzi, akaacha pikipiki rehani.

"Jioni narudisha, kaka."

"Akikosekana hata mumoja, pikipiki ni yangu."

Sisi wajane tukaitwa kupokea.

"Mama zangu, ni ya kuonyesha tu. Madamu akienda, munanirudishia."

Tukaitikia. Msidhani tulikuwa wajanja. Hata wimbo tuliomwimbia Madamu ulikuwa wa kumpokea askofu, tukabadilisha jina tu.

Madamu alipokaa, Méthode akanogewa. Akaagiza mtungi wa pombe ya mtama, akatoa hotuba ya kugawa ng'ombe, ile ya wazee wetu, akawataja baba zetu kwa majina, akatukabidhi kamba za mbuzi mbele ya majirani wote. Tukanywa kwa mrija mmoja. Mama Dorothée akasimama, akashukuru kwa niaba yetu. Madamu akafuta machozi, akakimbilia gari kabla ya saa za amri ya kutotembea usiku.

Méthode akanyoosha mkono. "Haya, kamba."

"Kamba gani, mwanangu?" akauliza Dorothée.

"Si tulipatana!"

"Ile ilikuwa kabla ya pombe. Kiisha ukamutaja baba yangu, nikakunywa, nikashukuru. We ulishaona wapi mutu anarudisha zawadi yenye ilinywewa pombe?"

Méthode akafungua mdomo ule ule uliojenga shirika. Majirani walikuwa bado wameshika mrija, wakimtazama.

"Apana," akasema taratibu. "Sijaona."

Pikipiki ikabaki Buyenzi.

Mbuzi walipozaa, tukampelekea mtoto mmoja wa shukrani, kama desturi, pamoja na mtungi. Mkurugenzi akanywa, akashukuru, akamfunga mbuzi wake pale ilipokuwa ikiegemea pikipiki.

"Huyu," akasema, "hata petroli hanywi."

Kibao hakikung'olewa. Nusu yake sasa ilikuwa kweli. Ile nusu nyingine tuliendelea kuingoja.