Baba Spas Anayecheka na Pipa la Kabichi

Jumapili, 5 Novemba
Kikao cha familia kwa mama mkwe, Velichka, ghorofa ya chini. Sote na makoti: jiko lake la kuni haliwashwi mpaka theluji ya kwanza ianguke. Sheria yake, haina rufaa. Tarehe 18 marehemu mumewe, Spas, anatimiza mwaka kaburini, na getini litabandikwa tangazo jipya la kumbukumbu. Kasema hataki tena ile picha ya kitambulisho, Spas kakodoa macho kama aliyeitwa polisi. Anataka ile anayocheka, siku punda alipomlia kofia. Iko moja tu, imezama kwenye maelfu ya picha katika simu zetu. Nani atazipanga? Shemeji yangu Tsanko kanyosha mkono. Mimi nikanyosha yote miwili. Nimeshinda!

Tsanko kashauri nitoe nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba hii. Wivu tu.

Jumatatu, 6 Novemba
Nimekusanya simu zote. Picha zimeingia kwenye kompyuta yangu, nikazifuta kwenye simu ili kusiwe na vurugu. (Na Tsanko asijifanye mhifadhi.) Mafaili nimeyaita: Nzuri. Nzuri Zaidi. Nzuri Kweli. Nzuri Kweli Mpya. Spas yumo katika moja ya hayo. Nadhani.

Jumatano, 8 Novemba
Nimempata! Punda, kofia, meno yote nje. Nimehamishia kila kitu kwenye diski mbili, kompyuta nikaisafisha ikabaki nyeupe. Mke wangu Zlatka kauliza diski nimeweka wapi. Zote mbili kwenye kopo la biskuti, sakafuni kwenye stoo ya chini ya nyumba, nyuma ya pipa la kabichi ya kuchachusha. Kiza, ubaridi, na Tsanko haivumilii harufu ile. Zlatka kasema si Tsanko alisema zitenganishwe? Nikamjibu kidole kimoja hakivunji chawa. Kaguna.

Ijumaa, 10 Novemba
Zamu yangu ya kugeuza maji ya kabichi. Kazi ya mtoto: unafungua koki ya chini, maji ya chumvi yanaingia ndoo, unayarudisha juu ya pipa. Nikafungua. Jirani akaita, rakia yake mpya, pombe kali ya matunda, imeiva, nionje. Nikaonja. Nikahakikisha kwa kuonja tena.

Koki sikuifunga.

Kopo la biskuti lilikuwa linaelea. Nimezikausha diski kwa mashine ya nywele ya Zlatka. Fundi wa mjini kazinusa, kaniuliza kama kabichi hii nimeileta na nyama yake. Picha hakuna hata moja iliyopona.

Jumapili, 12 Novemba
Mama mkwe kaomba picha. Nimemwambia bado naing'arisha. Akasema haina haja ya kung'aa, anataka tu watu wakipita getini wamwone Spas akicheka, kwa sababu mwaka mzima wamemwona kama mshitakiwa. Kisha akalia, taratibu, bila kunitazama. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimekiri. Hakunifokea. Heri angenifokea! Zlatka ndiye kafoka: sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne, 14 Novemba
Tsanko kaja na bahasha. Ndani, Spas na punda! Kumbe kabla ya kunipa simu yake alituma picha zote kwa msimamizi wake wa harusi, huko mji wa Vidin. “Nakujua, shemeji,” kasema, akanipigapiga bega mbele ya watu wote. Mama mkwe kaishika picha kifuani. Nimefurahi kweli. Na nimemchukia Tsanko kweli.

Jumamosi, 18 Novemba
Kumbukumbu imefana. Ngano ya kuchemsha, divai, na getini Spas anacheka. Hata mtu wa posta kasimama akacheka naye. Tsanko kaleta diski tatu: moja ya kwake, moja ya kupeleka Vidin, moja ya mama yake. Nimeziomba zote kwa usiku huu tu, niziandikie majina vizuri. Kasita. Mama mkwe kasema mpe, kashajifunza.

Na kweli nimejifunza: adui ni maji! Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta mahali pakavu kuliko pote, nikapapata. Nimezifunga zote tatu pamoja kwenye gazeti, nikazisukuma ndani kabisa ya jiko la kuni la mama mkwe. Kavu kama mfupa, halijaguswa tangu Machi.

Nalala kwa amani. Nje theluji imeanguka ghafla, kumekuwa kweupe, na mama mkwe namsikia huko chini akipasua kuni.