Mshale wa Mafuta wa Dada Modesta

Jumatatu, 3 Juni
Pikapu ya Dada Modesta imezimikia njiani tena, ikiwa na shehena ya karoti. Mafuta yameisha, yeye hajui. Mshale umelala kwenye sifuri tangu mwaka juzi. Kibwana, fundi mwenzangu hapa Mgeta, humpimia tangi kwa kuchovya fimbo ya mwanzi. Fimbo, zama hizi. Nimemwambia Dada nitaifufua geji yenyewe. Akasema sawa, kaka Fidelis, ila Ijumaa anapeleka kabichi za shule mjini, na nikimwangusha gari linahamia kwa Kibwana moja kwa moja. Sina mteja mwingine. Hilo nimeliandika hapa tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimelitoa boya lililo nyuma ndani ya tangi, lile linaloelea juu ya petroli na kuupandisha mshale. Limeshiba petroli, limezama. Nikalitumbukiza kwenye maji ya moto, tundu likajitaja kwa mapovu. Nikalikausha, nikaziba kwa lehemu. Sikusomea popote.

Jumatano, 5 Juni
Gari limeegeshwa mteremkoni, pua chini, kama siku zote. Betri imechoka, huwashwa kwa kuserereka. Nimemimina nusu tangi, nikapinda mkono wa boya mpaka mshale ukasimama katikati. Nikamwita Kibwana aje aone, aumie. Akauliza, hapa ni tambarare? Nikamjibu tukisubiri tambarare Mgeta tutazeeka. Akaondoka anacheka. Wivu ni ugonjwa.

Ijumaa, 7 Juni
Nilipanda na Dada. Tukiteremka mlima mshale ulishuka hadi karibu na robo. Dada akasema tutaongeza mafuta kwenye kituo cha Sangasanga. Kufika tambarare, mshale ukapanda wenyewe, ukavuka nusu. Tukatazamana. Nikamweleza kwamba petroli iliyojificha pembeni imejikusanya. Tukakipita kituo. Kilomita chache mbele gari likazima, tangi tupu, kabichi juani. Hakunigombeza. Alikaa juu ya gunia akaniuliza taratibu kama nilikuwa najua au nilikuwa nabahatisha. Swali hilo limenikaa kifuani hadi sasa. Tulipofika, shule walishanunua kwingine.

Jumamosi, 8 Juni
Gari liko kwa Kibwana. Amelipeleka uwanja wa mpira wa misheni, eti ndipo palipo tambarare. Mbwembwe. Nimekaa barazani nikawaza kwa haki, bila kujipendelea, na kosa nimeliona: gari lilitazama chini. Jumatatu katekista ananiletea Land Rover ya parokia, nayo geji yake imekufa. Hiyo nitaiegesha ikitazama juu.