Ndege Huyo wa Chumba Namba Sita

Kwa Bwana Mwenye Nyumba,
Ofisi ya chini, mlango wa kijani.

YAH: ILANI YAKO YA KUNITAKA NIMWONDOE NDEGE

Ndugu Mwenye Nyumba,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima na umeketi, maana ni ndefu. Mimi ni mpangaji wako wa chumba namba sita, mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, ambako nilisoma na kusahihisha prufu miaka thelathini na moja bila kuruhusu hata koma moja ipite kimagendo. Wiki iliyopita nilikuta ilani yako imebandikwa mlangoni kwangu ikisema: "Ni marufuku kufuga ndege. Ndege huyo aondolewe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo mpangaji atamfuata." Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza niliisoma kwa mshtuko, na zilizobaki nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nakala iliyosahihishwa nimeiambatanisha.

Kwa heshima zote, naomba niyaeleze malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Sarufi. Ndege iliyoko chumbani kwangu si huyo, ni hiyo. Huyo ana manyoya, hutaga, na hujisaidia popote anapotua. Hiyo ni ya plastiki, imetoka kwenye boksi ikiwa vipande mia moja na kumi na vinne vya kuunganishwa kwa gundi, na ikikamilika itakuwa mfano wa ndege ya kivita ya zamani, zile za kudondosha mabomu. Urefu wake ni mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Tangu iingie humu haijataga hata mara moja. Kati ya huyo na hiyo kuna tofauti ya herufi moja tu, Bwana, na kwa herufi hiyo moja nusura unilaze barabarani.

2. Chanzo cha habari. Najua aliyekuletea maneno ni jirani yangu wa chumba namba tano, fundi cherehani, ambaye wapangaji wote tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Simlaumu sana. Ukuta wetu ni mwembamba, na mtu akisikia wanaume wawili wazima wakiambizana "shika mkia", "usilibane tumbo litapasuka" na "bawa la kulia limekataa kukaa", lazima afikiri kuna bata ananyongwa. Alichotia chumvi ni pale alipokuambia kwamba amemsikia ndege akilia. Aliyelia ni mimi, baada ya kujipangusa jicho kwa kidole chenye gundi.

3. Mlinzi. Ulimtuma kwangu na kikapu chenye mfuniko na konzi ya mtama. Nilimfungulia kwa adabu. Alipiga magoti, akamwaga mtama sakafuni, akaanza kuita chini ya kitanda kwa sauti ya kubembeleza ambayo hajawahi kuitumia kwa mpangaji yeyote. Nilimwonyesha ndege mezani. Aliitazama kwa muda, akasema amekonda sana huyo, kisha akaketi kupumzika kwenye stuli ambayo juu yake nilikuwa nimeanika gurudumu la nyuma. Gundi ilikuwa bado mbichi. Aliondoka nalo kwenye suruali, sehemu ya kukalia, na hadi leo anazunguka nalo getini akisaluti magari. Naomba lirudishwe. Naomba pia asijaribu kulibandua mwenyewe. Kaka yangu atakuja na kibano.

4. Silaha. Baada ya ripoti ya mlinzi, ulinisukumia ilani ya pili chini ya mlango, kwamba "imegundulika ndege huyo hubeba mabomu". Hilo ni kweli na silikanushi. Yako manane, kila moja ni dogo kuliko punje ya mchele, na mojawapo, aliloliokota mlinzi, unalo wewe, ndani ya kiberiti, juu ya kabati la ofisi yako, kama ushahidi. Jingine nililikanyaga pekupeku juzi asubuhi. Mlipuko pekee uliotokea ulikuwa wa maneno, na Redio anaweza kukuthibitishia, neno kwa neno.

5. Haki za mpangaji. Hata hivyo mimi si mtu wa kubishana. Tuseme wewe ndiye uliye sahihi, na kweli ni huyo. Basi ni kiumbe hai. Ni kiumbe hai ambaye amelala katika nyumba yako miezi mitano mfululizo, nawe unamtambua kwa ilani mbili zenye muhuri. Anayelala nyumbani mwako huku ukimtambua kwa muhuri ni mpangaji, na kifungu cha tisa cha mkataba uliouandika mwenyewe kinasema mpangaji hatolewi bila notisi ya miezi mitatu iliyoandikwa kwa jina lake. Jina lake hulijui. Juu ya hayo, ana watu watano ndani yake, wote wa plastiki, na wageni wa mpangaji wanaruhusiwa hadi saa nne usiku. Kwa hiyo una hiari mbili. Ama ubadilishe herufi moja kwenye ilani na yaishe, ama umchongee mpangaji mwenzangu ufunguo wake na uweke taa ngazini, kwani haoni vizuri: kioo chake cha mbele tulikivuruga kwa gundi na sasa kina ukungu.

Bwana, hayo ndiyo malalamiko. Lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo, maana hujui kwa nini ndege yenyewe iko hapa.

Boksi hili tuliletewa na shangazi yetu, mimi na kaka yangu, tukiwa watoto. Alisema ni letu sote wawili. Lakini kulikuwa na rubani mmoja tu, na kila mmoja wetu alitaka awe yeye wa kumgandisha kwenye kiti. Kaka ndiye aliyeanza. Ugomvi ulipokolea akaligawa boksi: vipande vyote vya kushoto vikawa vyake, vya kulia vikawa vyangu. Rubani alibaki kwangu kwa sababu nilikuwa nimemficha mdomoni. Kwa miaka arobaini na tisa kila mtu alitunza nusu yake. Tulikuwa tunakutana misibani, tunajuliana hali kwa maneno matatu, halafu kila mtu na njia yake.

Mwaka huu, nilipostaafu, nilimtumia ujumbe: "Bado unalo bawa?" Akajibu: "Lipo." Jumamosi iliyofuata alibisha hodi akiwa na nusu ya ndege kwenye mfuko wa sokoni. Yeye ni fundi saa, ana kibano, ana lenzi, na hapendi kuharakishwa. Nusu yake ilikuwa imekaa darini kwenye joto hadi ikapinda, kwa hiyo tumbo limetuchukua wiki sita kulifunga, tena kwa vibanio vya nguo. Sasa limeshika. Kila Jumamosi anakuja, tunagombania rangi, tunakunywa chai, anarudi kwake. Ndege hii ikitoka, hana tena sababu ya kuja. Sisi hatujui kuzungumza mikono ikiwa mitupu. Nampenda kaka yangu na sijui namna ya kumwambia. Ninachojua ni kumwambia ashike mkia.

Nakomea hapa, karatasi nayo imechoka. Nisalimie mkeo, mama mzazi, karani wako, na mlinzi pia, ila mwambie azipokee salamu akiwa amesimama. Redio sina haja ya kumtumia. Nimekuwa nikiandika kwa sauti, hivyo zimeshamfikia.

Wako katika upatanisho, wa kisarufi na wa kindugu,

Mpangaji,
Chumba namba sita.

Nyongeza: Kaka amefika kabla sijaifunga bahasha. Ameisoma barua yote kwa lenzi yake ya saa, akaona kosa moja, pale nilipoandika kwamba ndiye aliyeanza. Nilimjibu kuwa mimi ni msahihishaji kwa taaluma na pale hapakuwa na kosa. Maneno yakazaana. Ameondoka na bawa la kushoto, ambalo lilikuwa bado halijabandikwa, na rubani amemtia mfukoni. Kwa hiyo ilani yako imetekelezwa, Bwana. Bila bawa hilo, chumbani hakuna ndege, huyo wala hiyo, na malalamiko yote matano yachukulie kama hayakuandikwa. Badala yake naomba msaada mmoja. Kaka anaogopa sana barua zenye muhuri. Mwandikie ilani, tena kali, kwamba ndege huyo wa chumba namba sita anadai bawa lake, na liletwe kabla ya Jumamosi ijayo. Andika huyo, andika anadai, andika upendavyo, sitasahihisha. Na umwambie kwamba aliyeanza nilikuwa mimi.