Noti ya Juu ya Mwalimu Edith

Jumatano, 7 Agosti

Mwalimu Edith anazikwa Jumamosi kule kwake Karungu. Ndiye aliyetufundisha sisi vijana wanne wa Rongo kuimba opera juu ya biti za redio. Nimelia. Halafu nikawaza: nani ataimba noti ya juu? Celestine, mkubwa wa kundi, amesema ni Jeff. Eti marehemu ni mamake, na alimwomba akiwa kitandani hospitalini. Sawa. Lakini sauti ni mimi!

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemwambia Jeff kwamba kwa mila, mtoto wa marehemu haimbi kabla ya mazishi. Akaenda kuuliza wazee. Wamecheka, mara ya kwanza tangu msiba. Wakanipigia simu, mila hiyo ni ya wapi? Nikasema Magunga. Kumbe mmoja wao ni wa Magunga.

Ijumaa, 9 Agosti

Mazoezi alfajiri, nyuma ya jikoni kwa dana, nyanya yangu. Nimepanda ile noti, nikaishikilia. Kwetu nduru ya alfajiri ni kifo. Mtu haulizi, anakimbia. Boma likajaa! Mama Lynnet, jirani, amefika akiomboleza, kuni za matanga kichwani, akamkuta dana anakunywa uji. Dana amenifukuza na mwiko. Mimi nimeona jambo moja tu: sauti inafika mbali.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumesimama kando ya jeneza. Jeff akavuta pumzi. Nikamtangulia. Noti safi! Kina mama wakaipokea kwa nduru zao, wengine wakaja mbio kutoka barabarani wakilia, wimbo ukazama. Jeneza likashuka Jeff hajatoa hata neno.

Celestine hakunifokea. Alisema polepole, “Bravin, omera, ndugu yangu, Jeff alikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa mamake.”

Baadaye, watu wakila, Jeff alirudi kaburini akaimba peke yake. Noti ya juu aliitoa taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Sahani zote zikanyamaza. Wali wangu sikumaliza.

Jumapili, 11 Agosti

Nimetolewa kundini. Kanisani nimewaza sana, sikusikia mahubiri. Nimepata jibu. Mimi niliimba, Karungu nzima ikalia. Jeff akaimba, hakuna hata mmoja aliyelia.

Sasa nani mkali?