Mlango Uliokuwa wa Ofisi Yangu

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba kufundisha kumekoma rasmi katika shule zote zilizo chini ya ofisi yangu. Sasa mtoto ndiye kitovu. Atajifunza kwa kutenda: atatafuta tatizo halisi katika mazingira yake, atalitatua, na mtu mzima haruhusiwi kumwingilia. Waraka niliuandika mwenyewe, baada ya semina ya siku tatu ambayo sisi maofisa tulikaa kimya tukisomewa.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa darasa la tano, shule ya ng'ambo ya uzio wetu, alileta barua yake ya nne. Karani wangu alishamwambia mara tatu mlangoni, kama anavyowaambia wote: "Mkubwa ana kazi. Njoo kesho." Mama huyu hasikii. Aliingia.

"Mkubwa, choo cha wasichana hakina mlango. Wakibanwa wanakimbilia nyumbani, na wakienda ndiyo basi. Kumi na mmoja hawajarudi."

"Hilo ni tatizo halisi, mwalimu?"

"Halisi kabisa."

"Sasa unalia nini? Hiyo ni fursa ya ujifunzaji. Waachie watoto."

Akaomba nimwandikie hayo. Nikaandika, nikagonga muhuri, nikajiona mtu wa maana.

Utekelezaji ulikuwa wa kupigiwa mfano. Watoto walipima fremu ya choo kwa kamba, wakazunguka na kamba yao wakipima kila mlango waliouona. Alhamisi, nikiwa kwenye chakula cha mchana tangu saa nne asubuhi, waliupata uliolingana. Mlinzi alitaka kuwatimua, lakini mwalimu akamwonyesha karatasi yenye muhuri wangu. Mlinzi wetu ni mtu wa taratibu. Akawaletea bisibisi.

Tangu hapo nakaa wazi kama duka. Wazazi wananiona na gazeti langu, miguu juu ya meza, na wanaingia tu. Jana nimesikiliza watu tisa. Nimechoka, na nina hasira. Niliandikia makao makuu, wakanijibu: tatizo langu ni halisi, ni fursa ya ujifunzaji, na hakuna atakayeniingilia.

Leo nilivuka uzio kudai mali ya serikali. Wasichana kumi na mmoja walikuwa uwanjani, wote. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa, na kibao changu bado kiko juu yake: OFISA ELIMU. BISHA HODI.

Nilibisha.

"Mkubwa ana kazi," ikajibu sauti ndogo kutoka ndani. "Njoo kesho."