Chupa Mbili za Vidudu vya Silanga

Jumatatu, 4 Machi 1996
Daktari Nthenya amefika Migwani kupima silanga zetu mbili, mabwawa ya kuvuna maji ya mvua. Hapimi maji. Anapima vidudu, vile vidogo vinavyorukaruka majini, vya ukoo wa kaa. Anasema sumu hujilimbikiza mwilini mwavyo. Anavisaga, anavichanganya na bakteria wanaong'aa gizani. Palipo na sumu, mwanga unafifia. Jumapili kanisa linachagua mwenyekiti wa maji: mimi wa silanga ya chini au Kilonzo wa silanga ya juu. Mwenye maji safi ndiye atakayepita.

Nikampelekea chupa ya maji yaliyochujwa kwa leso mara tatu. Mgeni hapewi maji yenye wadudu. Akauliza vidudu viko wapi. Kilonzo alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 5 Machi
Nimepeleka chupa nyingine, imejaa vidudu. Halafu hofu. Silanga yangu iko chini ya josho la ng'ombe, na dawa ya kupe huteremka na mvua. Ya Kilonzo imezungukwa na mashamba ya pamba tu. Chupa zote ziko stoo ya shule. Nikaingia kusalimia, hakukuwa na mtu. Nikabadilisha karatasi za majina. Dakika moja! Leo nitalala vizuri.

Jumatano, 6 Machi
Madirisha ya stoo yalizibwa kwa magunia, giza mchana kweupe. Chupa yenye jina la Kilonzo iling'aa vizuri ajabu. Yenye jina langu ikafifia, ikazima. Kumbe silanga yangu ndiyo safi, na ni mimi tu ninayejua! Daktari akaagiza yangu ifungwe, watu wote wachote kwa Kilonzo. Kilonzo akanipa pole. Iliniuma kuliko kile kicheko.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu Syombua amerudi na punda na mitungi minne kutoka kwa Kilonzo. Nikaimwaga. Akauliza kama nina homa. Akaenda tena, nikamwaga tena. Kwangu hakuna chai, na majirani wanakunywa sumu kwa sababu yangu. Naona aibu. Nimewaambia wachemshe. Daktari anasema kuchemsha hakusaidii.

Ijumaa, 8 Machi
Sikungoja Jumapili. Kwenye ibada ya maombi nikasimama kutoa ushuhuda, nikasema yote. Kisha Muthoki wa kwaya akaanzisha wimbo. Kilonzo naye akasimama, akakiri kwamba watu wake huosha pampu za dawa ya pamba palepale silangani.

Jumapili, 10 Machi
Jana Daktari alichota mwenyewe, akapima upya. Yangu imeng'aa! Silanga ya Kilonzo imefungwa, hakuna mtoto aliyeugua. Nimechaguliwa mwenyekiti kwa kura zote, hata ya Kilonzo. Walisema mtu anayejisema mwenyewe ndiye wa kuaminiwa. Syombua amepika kuku.

Daktari atarudi Juni kutupima pamoja na kijiji jirani cha Mukuyuni. Nimeshanunua chupa kumi zinazofanana, na gundi isiyoshika sana ya kubandikia karatasi za majina.